Ukomo wa volteji wa transista ni nini?

Ukomo wa volteji ni volteji kubwa kabisa ambayo transista (swichi ya kielektroniki) iliyozimwa inaweza kuizuia bila kuharibika. Kwa IRF3205, mosfeti (aina ya transista) inayojulikana sana na mafundi wa inveta, ukomo huo ni volti 55. Kwenye inveta ya betri ya volti 12 inadumu vizuri. Ihamishie kwenye inveta ya volti 24 ya pushi-puli, inaweza kuungua siku hiyohiyo, na lawama zote zikaenda kwa muuza vipuri kwamba kauza feki.

Feki zipo kweli, ila piga hesabu kwanza. Kwenye pushi-puli, chanya ya betri imeungwa katikati ya koili ya transfoma, na kila ncha ya koili ina transista zake. Pande hizi mbili hupokezana. Upande mmoja ukiwaka, nusu yake ya koili inapata volti zote za betri. Nusu ya pili imezungushwa kwenye kiini hichohicho, kwa hiyo nayo inazalisha volti zilezile, zikajumlishwa na za betri. Transista iliyozimwa inakabili mara mbili ya volteji ya betri.

Sasa, betri ya volti 24 inayochajiwa na sola hufika volti 28.8. Mara mbili yake ni 57.6. Tumeshavuka 55, na bado hatujahesabu miruko: mkondo unapokatwa ghafla, nishati ya sumaku iliyobaki kwenye koili na nyaya huirusha volteji juu kwa muda mfupi mno. Multimita haiuoni mruko huo, unahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika. Kwa pushi-puli ya volti 24, mimi nisingeshuka chini ya transista ya volti 100. Inveta ya daraja zima, yenye makundi manne ya transista na koili isiyoungwa katikati, ni habari nyingine, maana humo kila transista inabeba volteji ya betri mara moja tu, pamoja na miruko.

Basi kwa nini tusinunue ya volti nyingi kila mara? Kwa sababu ukomo ukipanda, ukinzani wa transista ikiwa imewaka nao kwa kawaida hupanda. IRF3205 ina miliomu 8 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu). IRF540N ya volti 100 ina 44. Ampea 20 zikipita, ya kwanza inapoteza wati 3.2, ya pili wati 17.6, na zote ni joto. IRFB4110 ni ya volti 100 pia, lakini haizidi miliomu 4.5. Kwa kazi hii ningelipia hiyo.

Kwenye draivu za mota, yaani vifaa vinavyoongoza kasi ya mota, hesabu ni ileile. Umeme wa volti 400 wa fezi tatu ukigeuzwa kuwa DC unafika takriban volti 565, ndiyo maana humo hutumika IGBT (transista za volteji kubwa) za volti 1200. Mzigo mzito unaposhushwa, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye kapasita, volteji ikapanda zaidi. Draivu za winchi na lifti mara nyingi hufungwa rezista ya breki, iuchome umeme huo kabla ukomo haujafikiwa.