Uwongo njoo: mtu mzima na riwaya za fantasia

Wiki haipiti bila ya mtu kunitupia neno lile lile: "Mtu mzima na akili zake, anasomaje habari za majini na majoka? Hizo si hadithi za watoto?" Husemwa barazani, husemwa kwenye simu, na linaloniuma zaidi, husemwa na walimu wa fasihi skuli, mbele ya wanafunzi. Kazi yangu ni kufundisha riwaya na kuzihariri. Leo nataka kulijibu jambo hili kwa urefu, maana majibu mafupi yamekwisha na watu hawajasikia.

La historia nitalipita mbio. Hadithi hizi hazikuzaliwa chumba cha watoto. Katika Alfu Lela u Lela msikilizaji wa Shahrazad ni mfalme mtu mzima aliyekwisha kuua wake zake, na kila usiku hadithi ndiyo inayokaa baina ya shingo na upanga. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings na profesa wa Oxford aliyepigana vita vya Somme mwaka 1916, alilieleza hili katika mhadhara wa mwaka 1939: hadithi za ajabu zilitupwa chumba cha watoto kama inavyotupwa humo samani iliyochakaa. Wakubwa waliacha kuipenda, watoto hawakuulizwa. Basi, na tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni hoja ya "uwongo". Mtu hulitamka neno hilo kama aliyemkamata mwandishi mkono ukiwa mfukoni mwa mwenziwe. Lakini sisi tumelelewa na mlango wa hadithi unaoutaja uwongo kwa jina lake. Msimulizi anasema, "Hadithi, hadithi!" Waliokaa wanaitika, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Angalieni ni nani anayesema uwongo njoo. Ni wasikilizaji. Wao ndio wanaouagiza, kabla msimulizi hajafungua kinywa kwa kisa chenyewe. Mwongo haombi ruhusa, wala anayedanganywa haitiki. Pale pana mapatano, pande zote mbili zinayajua, na yakishafungwa hakuna aliyedhulumiwa. Riwaya ya fantasia, yaani ya ulimwengu wa kubuni wenye mambo ya ajabu, haina kiitikio, kwa hiyo mapatano yake hufungwa katika kurasa za mwanzo: mwandishi anakuonyesha ulimwengu wake una nini, na wewe unakubali au unafunga kitabu. Ukishakubali, una haki ya kumdai kitu kimoja, nacho ni kutovunja sharti lake mwenyewe.

Neno ni hilo: sharti. Fantasia nzuri husimama juu ya sharti. Ajabu ni pambo lake. Jini anayeweza kila kitu hana hadithi, maana hakuna kinachomzuia wala kinachomgharimu. Msomaji mzima haulizi "hili linawezekana?" Anauliza "nani analipa, na analipa nini?" Mtoto anaweza kufurahia joka tu, na ni haki yake. Bei aghlabu huonwa na aliyekwisha kulipa vitu maishani: kodi, mahari, matanga, deni la nduguye.

Tuchukue mfano wa nje, riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1968, A Wizard of Earthsea. Sharti lake ni kuwa kila kitu kina jina la kweli, na anayelijua jina hilo ana nguvu juu ya kitu chenyewe. Lakini kila badiliko linaitikisa mizani ya dunia. Kijana Ged, kwa kiburi cha kutaka kumwonyesha mwenzake, anafungulia kivuli kinachomwandama bahari na visiwa. Hakishindwi kwa upanga. Mwisho anakiita kwa jina, na jina lile ni lake mwenyewe. Msomaji wa Unguja au Pemba ana faida hapa kuliko msomaji wa London. Anajua habari za kupunga: pepo akishapanda kichwani, mganga hakimbilii kumtoa. Humuuliza jina lake, atokako, na anachotaka. Kisichotajwa jina hakina mazungumzo. Ukisoma Le Guin na hilo kichwani, nusu ya kitabu imekwisha kujifungua.

Sasa mfano wa kwetu, katika ngano alizozikusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere hapa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Maskini Haamdani anachakura jaani, anapata thumni, anamnunua paa. Paa yule anamtafutia almasi, anamwoza binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba na mali yote ya nyoka. Kisha paa anaugua. Bwana, aliyejaa utajiri usio jasho lake, anaamuru apikiwe uji wa mtama wanaokula farasi. Mke anamsihi; hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Bwana analala, na akiamka yuko jaani, anachakura kama kuku.

Hapa natumia kipimo changu, nacho chafaa kwa riwaya yoyote: liondoe la ajabu, weka la kawaida mahali pake, uone kama hadithi inasimama. Mtoe paa, weka mtumishi hodari wa kibinadamu. Mara moja msikilizaji ataanza kuuliza mshahara ulikuwa kiasi gani, waliandikiana nini, mbona hakuondoka. Deni linakuwa la kesi. Paa hana mshahara, hana mkataba, hana pa kushitaki. Deni lote linabaki juu ya shukrani, na shukrani ndiyo inayopimwa. Kwa hiyo paa ni mashine ya hadithi, hatoki. Ukifanya kipimo hicho na riwaya ikasimama vilevile, ujue ajabu yake ni rangi tu iliyopakwa juu ya kisa cha mapanga. Ziko nyingi za namna hiyo, na sitazitetea.

Sehemu kubwa ya dharau hii imeletwa na tafsiri, na hapa naomba subira. Wizard akitafsiriwa "mchawi", kitabu kimeshauawa kwenye jalada. Kwetu mchawi ni mwenye kudhuru. Anayeponya na kuagua ni mganga. Neno la Kiingereza halina hukumu hiyo. Mzazi anaona "skuli ya wachawi" na anasikia skuli ya wauaji. Ana haki ya kushtuka, na kosa ni la mfasiri. Vilevile ghost si mzimu: mzimu kwetu una mahali pake, pango au mti, na una wenyewe wanaoupelekea ubani, mzuka ndio hukaribia. Jini, pepo na shetani havibadilishani viti ovyo, na jini wa Kizanzibari anaweza kuwa na dini, nasaba na nchi aliyotoka. Joka ni joka, sawa, na zimwi linafaa kwa jitu lilalo watu. Kwa elf, kiumbe wa ngano za Ulaya, sina neno. Anayesema analo simwamini. Ningeliacha jina lilivyo, msomaji atajifunza.

Kosa jingine ni kuhukumu kwa jina la kitabu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, vina majina ya kutisha. Giningi ndiyo mji usioonekana wa wachawi katika masimulizi yetu. Lakini si fantasia hata kidogo. Mpelelezi wao, Bwana Msa, anaingia na kiko chake, anaufuata ushahidi, na kinachoonekana kazi ya mizimu kinageuka kazi ya watu. Kinyume chake, Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed wa Pemba, cha mwaka 2001, kinamleta marehemu babu kumsumbua mjukuu wake, mkubwa anayeitwa K, na hakuna mpelelezi wa kuja kuliondoa ajabu lile. Litaondolewaje? Kigogo haambiliki na aliye hai. Ni nani basi wa kumwambia?

Vitabuni Babu Alipofufuka huwekwa fungu la uhalisiajabu, yaani ajabu lililochanganywa na maisha ya kawaida, na hapo ndipo shaka yangu ilipo. Neno hilo linachukulia kuwa msomaji na mwandishi wanakubaliana ni lipi la kawaida na ni lipi la ajabu. Kwetu mstari huo unatembea. Mwaka 1995, popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, alipovuma kuanzia Pemba hadi Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi, wakikesha. Ile haikuwa fantasia. Hakuna aliyesema uwongo njoo. Mtu aliyeishi usiku ule akisoma riwaya ya maruhani, je, yuko ndani ya mapatano niliyoyaeleza juu, au anasoma habari? Sina jibu linaloniridhisha. Nadhani msomaji mmoja anaweza kuwa kote kuwili katika ukurasa mmoja, na nadhani waandishi wetu walio bora wanalijua hilo na wanalitumia. Wala siwezi kuapa kwamba riwaya hizi zinamfanya mtu kuwa mwema. Wanaodai hivyo wanadai zaidi ya wanachokijua.

Hoja ya "kukimbia maisha" nayo Tolkien aliijibu vizuri: aliyefungwa gerezani akiwazia nyumbani kwake si sawa na askari aliyetoroka vita. Sina la kuongeza.

Sasa usomaji wenyewe. Kurasa 50 za mwanzo zisome kwa kikao kimoja au viwili. Usizikate vipande vya dakika tano daladalani, kwani humo ndimo sharti linamowekwa, na likikupita utaona kila kitu kinatokea ovyo. Chukua kikaratasi, andika majina kumi ya mwanzo na uhusiano wao. Baada ya hapo hutakihitaji. Neno la kubuni usilitafute kamusini, halimo, liache lijieleze kwa matumizi. Usianze na kitabu cha pili cha mfululizo kwa sababu ndicho ulichokikuta Darajani. Ramani iliyo mwanzoni itazame mara moja uende zako. Ukifika robo ya kitabu, andika sentensi moja: "Katika dunia hii, ukitaka hiki, unatoa kile." Ukishindwa kuiandika, ama umesoma kwa haraka, ama mwandishi hana sharti. Rudi kurasa 20. Ukishindwa tena, kiache bila ya kuona haya.

Na tafadhali, usisome kwa kutafuta nani ni nani, yaani zimwi ni waziri fulani, joka ni chama fulani. Ndio ugonjwa mkubwa wa wasomaji wetu waliosoma, na skuli ndizo zilizouambukiza, kwa maswali ya mtihani ya "fafanua mhusika huyu anawakilisha nani". Ukishalipa zimwi jina la mtu mmoja, siku mtu yule akiondoka madarakani kitabu chako kimekufa naye. Zimwi liache liwe zimwi mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo uulize limekula nini.

Wa kuanza nao? Si Nagona wala Mzingile za Kezilahabi, ijapokuwa ni nyembamba. Zile zinataka msomaji aliyekwisha kuzoea kupotea. Anza na ngano ya Haamdani na paa, saa moja inatosha. Kisha Babu Alipofufuka. Kisha, kama Kiingereza hakikusumbui, Le Guin. Na katika ile ya paa, msikilize sana mke wa Haamdani. Anaota yuko kwa baba yake, na akiamka yuko kwa baba yake kweli. Mumewe pekee ndiye anayerudi jaani.