Hitilafu si ubovu: maana ya msimbo wa hitilafu katika kiyoyozi

Kwa mara ya tatu katika muda mfupi nimeisikia sentensi ileile, safari hii kutoka kwa fundi aliyekuwa juu ya ngazi katika nyumba ya jirani yangu: "Mama, AC yenyewe imesema bodi imekufa." Mama mwenye nyumba akaitikia, kwani nani atabishana na mashine inayojisemea yenyewe? Lakini mashine haikuwa imesema lolote kuhusu bodi. Ilikuwa imeonyesha herufi moja na tarakimu moja katika kioo chake kidogo, na yaliyobaki yalitoka kinywani mwa fundi.

Msimbo wa hitilafu ni alama fupi ambayo bodi ya kiyoyozi, yaani sakiti ya umeme inayokiongoza, huionyesha, kwa maandishi au kwa taa inayowaka na kuzima kwa hesabu maalumu, pale kipimo au jibu inalolitarajia linapokosekana au linapotoka nje ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji. Maana yenyewe inaishia hapo. (Wapo wanaosema "kodi" badala ya msimbo, na sina ugomvi nao, ila mpangaji atakayempigia mwenye nyumba na kumwambia kwamba AC imeleta kodi ajiandae kueleza zaidi.) Tatizo limo katika neno la pili, hitilafu, ambalo tumelizoea kiasi cha kuacha kulisikia.

Hitilafu limetoka katika Kiarabu, ikhtilafu, na maana yake ya asili ni kutofautiana, kutopatana. Mzizi huohuo ndio uliotupa khilafu, yaani kinyume cha jambo. Ukatupa mhalifu, mtu aendaye kinyume cha sheria. Ukatupa hata khalifa, ajaye nyuma ya mwenziwe. Watu wa pwani wanapozungumzia hitilafu za maulamaa hawamaanishi kwamba maulamaa wameharibika. Wanamaanisha kwamba sheikh huyu ana kauli hii na yule ana kauli ile juu ya jambo lilelile, na watu wawili wanapohitilafiana, msikilizaji bado hajamjua mwenye kosa. Alichokijua ni kwamba kauli mbili hazikukutana. Kisha redio na magazeti yakatuzoesha "hitilafu ya umeme" iliyounguza duka na "hitilafu ya mitambo" iliyoirudisha ndege uwanjani, mpaka neno likageuka kuwa jina la heshima la ubovu. Ubovu ni hali ya kitu kimoja: embe ni bovu lenyewe, halihitaji embe jingine. Kasoro nayo ni upungufu, ndiyo maana tunasema saa tatu kasorobo. Hitilafu haiwezi kukaa peke yake. Daima huwa baina ya hiki na kile.

Hivyo ndivyo bodi ya kiyoyozi inavyofanya kazi. Haina macho ya kuona kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, iliyoungua wala mizani ya kupimia gesi iliyomo katika mabomba. Ina matarajio, na ina habari inazoletewa kwa nyaya, na mambo hayo mawili yasipopatana, inatoa msimbo. Chukua sensa ya joto, kile kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda. Nyingi huwa na kilo-omu 10 katika nyuzi 25 za Selsiasi, nyingine 20. Panya akikata waya wake, bodi huona ukinzani usio na mwisho, ambao kwa hesabu yake ni baridi kali isiyowezekana kuwapo Dar es Salaam mchana wa Januari, na hapo hutoa msimbo wa sensa. Sensa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Plagi yake iliyochomoka nusu italeta alama hiyohiyo.

Katika mfumo wa malti, ambamo mashine moja ya nje huhudumia mashine mbili, tatu au hata tano za ndani, pande za kuhitilafiana huongezeka, na hapo ndipo kosa la kuusoma msimbo kama jina la kifaa kilichokufa linapokuwa la gharama kubwa. Msimbo wa mawasiliano, ambao kwenye Daikin ni U4 na kwenye LG ni CH05, unaarifu kwamba mashine ya ndani na ya nje hazisikilizani. Huenda breka ya mashine ya nje imeruka, nayo haina umeme kabisa. Huenda waya wa mawimbi uliungwa kwa tepu ndani ya ukuta na sasa umeingia maji, au skrubu ya kiungio imelegea, au mjusi ameingia kwenye bodi na kufia humo. Huenda pia bodi imekufa kweli, ila hata hapo msimbo haujasema ni ipi kati ya mbili. Kinachosaidia ni kutembea vyumbani kabla ya kupanda ngazi: vyumba vyote vikionyesha alama hiyo, shaka iende kwanza kwenye mashine ya nje na umeme wake, kikionyesha kimoja huku vingine vikipoa vizuri, shaka iende kwenye njia ya chumba hicho.

Kuna hata misimbo isiyohusu kifaa chochote. Malti ya kawaida ya majumbani haiwezi kupoza chumba kimoja na kupasha kingine kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtoto akibonyeza rimoti mpaka ikafika kwenye picha ya jua huku sebule ikiwa kwenye baridi, mashine za LG huonyesha CH07. Hapo wanaohitilafiana ni watu wa nyumba moja.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni postikodi ya Tanzania. Tarakimu zake 5 hukuteremsha kutoka kanda hadi mkoa, wilaya, na mwishowe kata, kisha hukuacha hapo, nyumba utaiulizia. Na kama ambavyo kuna kata ya Majengo Moshi na nyingine Dodoma, E1 kwenye Gree ni kinga dhidi ya shinikizo kubwa la gesi, ilhali E1 kwenye Midea ni mawasiliano baina ya ndani na nje. Anayesema "E1 ni gesi" bila kutaja mashine gani amekupa jina la kata bila mkoa.

Nimeyaona madhara yake nyumbani kwangu. Tulihamisha mashine ya nje ili ukuta upakwe rangi, na iliporudishwa, sebule ikaanza kutoa upepo usio na baridi na baada ya muda ikaonyesha msimbo wa upungufu wa gesi. Fundi akaongeza gesi, na wiki iliyofuata akaongeza tena. Kilichonishangaza ni kwamba usiku, vyumba vyote vikiwashwa, sebule ilipoa vizuri, na mchana, ikiwa peke yake, haikupoa. Na katika chumba cha watoto, ambako mashine ilikuwa imezimwa, maji yalidondoka kitandani. Fundi wa pili alifungua kifuniko cha mashine ya watoto mchana ule na kukuta barafu nyeupe imegandamana kwenye mabomba. Mabomba ya sebule yalikuwa yamefungwa mahali pake, lakini waya wake ulikuwa umefungwa kwenye nafasi ya chumba cha watoto, na wa watoto kwenye nafasi ya sebule. Sebule ilipoomba baridi, mashine ya nje ilifungua vali inayopeleka gesi chumba cha watoto. Bodi haikudanganya: kompresa ilikuwa inafanya kazi na mabomba ya sebule hayakupoa, na kutopatana huko ndiko ilikokuwa imefundishwa kukuita upungufu wa gesi. Kuzibadilisha nafasi nyaya mbili kulichukua dakika kumi tu, kisha ikabidi gesi yote itolewe na kujazwa upya kwa mizani, kwa kuwa sasa ilikuwa imezidi.

Sidai kwamba mafundi waache kuusoma msimbo, wala kwamba "hitilafu" lirudi kwenye maana yake ya msikitini tu. Lugha imekwisha kulipeleka lilikokwenda. Ninaomba tu kwamba badala ya "AC imesema bodi imekufa", tuseme: "AC imeleta msimbo wa mawasiliano, chumba cha watoto peke yake, vingine vinapoa. Ngoja nianze na waya."