Karl Benz na Gari la Kwanza: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

"Ford ndiye aliyevumbua gari." Hapana. Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya gari lake tarehe 29 Januari 1886, ikasajiliwa kwa namba 37435. Henry Ford wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22. Gari lake la kwanza lilitoka 1896. Sifa ya Ford ni nyingine, tena kubwa: mwaka 1913 alianza kuunda magari kwenye mstari unaotembea, bei ikashuka.

"Lilikuwa gari la farasi lililofungwa injini." Hivyo ndivyo alivyofanya Gottlieb Daimler, mhandisi mwingine wa Kijerumani, mwaka huohuo. Benz alibuni chombo kizima upya: fremu ya mabomba ya chuma na injini ya silinda moja, mipigo minne, sentimita za ujazo 954, yenye nguvu isiyofika farasi mmoja. Magurudumu yalikuwa matatu kwa sababu alikuwa hajapata njia nzuri ya kukata kona kwa magurudumu mawili ya mbele. Hataza ya usukani wa namna hiyo aliipata 1893. Flaiwili, gurudumu zito linaloifanya injini izunguke sawasawa, aliilaza, akihofia kwamba ikisimama wima itasumbua usukani. Kuwasha injini, uliizungusha flaiwili hiyohiyo kwa mkono.

"Benz na Daimler walikuwa washirika." Daimler alifariki 1900. Kampuni zao ziliungana 1926.

"Bertha Benz alikuwa mke aliyepanda gari la mumewe Karl tu." Dhana hii ndiyo inayomdhulumu mtu zaidi. Kabla hata ya ndoa, fedha alizotengewa na baba yake ndizo zilizotumika kununua sehemu ya mshirika wa Karl katika karakana, la sivyo kazi ingekufa. Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, aliondoka Mannheim na wanawe Eugen na Richard kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100.

Gari halikuwa na tangi. Mafuta yote, kama lita 4.5, yalikaa ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Yalipopungua, Bertha alinunua ligroini, kiyeyusho kilichouzwa kama dawa ya madoa, katika duka la dawa la Wiesloch. Rejeta pia haikuwepo: maji yalipoza injini kwa kuchemka na kupotea kama mvuke, hivyo iliwabidi kuongeza njiani kila mara. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunga kwa mkanda wa soksi yake. Mnyororo ulitengenezwa na mhunzi. Breki za mbao zilipolika kwenye miteremko, alimwagiza fundi viatu azipigilie ngozi.

Milimani wavulana walishuka kusukuma, kwa kuwa gari halikuwa na gia nzito ya kutosha kupandia. Bertha alirudi na taarifa hiyo, na Karl akaongeza gia ya mlimani.