Unyonyaji wa kingono kwa watoto ni kitu gani hasa?

Wengi wetu tukisikia neno hili tunawaza jitu limejificha kichakani, kumbe mara nyingi ni mtu wa mtaani kabisa na watoto wanampa shikamoo yake. Maana yake ni mtu kutumia shida au uchanga wa mtoto ili ampate kingono, na hapo katikati kunakuwa na kitu kinatolewa, hela, lifti, bando, maksi. Chukua binti wa fomu tuu anarudi kutoka shule huko Ihumwa jua la saa tisa, bodaboda anambeba bure wiki nzima, baadae chipsi, baadae kisimu kidogo na maneno "usimwambie mama, atakunyang'anya". Hapo kwenye usimwambie mama ndo penyewe, deni limeshaanza hata kama hajaguswa. Zamani redioni waliitwa mafataki, ila wa siku hizi anaweza asiwe na hela hata, anaomba picha tu inbox halafu anatishia kuzisambaza. Na wavulana wanafanyiwa pia, sema wao hakuna anayewauliza.

Ile "si alikubali mwenyewe" haina kazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Shida kesi zinaishia sebuleni, wazee wanakaa wanapatana mbuzi wangapi, mtoto mwenyewe hajaulizwa chochote, mi huo nauita unyonyaji awamu ya pili.

Shuleni watafundishwa balehe, ila habari ya zawadi inayokuja kudaiwa inabidi itoke nyumbani. Wala usiitishe kikao jamani. Mnachambua mlenda jioni, unauliza tu hivyo viatu vipya kakununulia nani, na akikujibu usikimbilie mkanda, maana akichapwa siku aliyosema ukweli hutasikia tena kitu. Wadogo wafundishe sehemu za mwili kwa majina yake, "huko chini" haisaidii akija kuhojiwa.

Likishatokea msimuogeshe wala kufua nguo zake, mwahisheni hospitali kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, unapiga bure hata kama huna vocha.