Mstari wa Bodi kwenye slipu ya nesi

Nesi mpya, mwezi wake wa pili kazini, aliniwekea slipu ya mshahara mezani, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja. "Shikamoo mama. Hapa wamenikosea. Pesa yote hii?" Hawakumkosea. Mimi ni mhasibu wa mishahara hospitalini, mwaka wa kumi na moja sasa, na mstari huo wa Bodi ya Mikopo, inayowakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Tanzania, unaniletea vijana wengi kuliko kodi. Nikamwambia, keti mwanangu, tuisome wote.

Ili hesabu isomeke, hapa nauweka mshahara wake wa msingi kuwa 1,000,000. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma unachukua 5%, yaani 50,000. Kodi inapigwa kwenye 950,000 iliyobaki, inakuja 115,500. Bima ya afya 3%, ni 30,000. Chama cha wafanyakazi 2%, ni 20,000. Halafu Bodi, 15% ya mshahara wa msingi: 150,000. Mkononi zinabaki 634,500. Posho ya wito, ile ya kuitwa kazini nje ya zamu, Bodi haiigusi, maana makato yake yanahesabiwa kwenye mshahara wa msingi tu.

Deni lenyewe limetoka wapi? Vijana wengi hudhani ni ada. Chukua bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, la 10,000 kwa siku, tuseme siku 240 kwa mwaka, miaka minne ya shahada ya uuguzi: hizo ni 9,600,000 za kula na kulala peke yake. Ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo vikiongezeka, tuseme deni limefika 18,000,000. Gawanya kwa 150,000: miezi 120. Miaka kumi.

Miaka kumi inatisha, najua. Lakini mimi nimewakata watu makato haya wakati wa tozo ya kulinda thamani ya fedha, ile 6% kwa mwaka, na najua kutisha kwenyewe kulikuwaje. Kwa deni la 18,000,000 tozo hiyo ni 1,080,000 kwa mwaka, sawa na 90,000 kwa mwezi. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 makato yalikuwa 8%. Mwenye mshahara huu angekatwa 80,000. Analipa kila mwezi, na deni linakua! Tozo ilifutwa Julai 2021. Leo kila shilingi unayokatwa inapunguza deni, na kwa kuwa bei za vitu zinapanda na mshahara nao unapanda, laki na nusu ya mwaka wa tisa haitauma kama ya leo. Ndiyo maana mzazi akiniambia anauza shamba ili mtoto asikope Bodi, namsihi asiuze. Mkopo mpole kuliko huo hatauona tena.

Kinachoniumiza mimi ni muda. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali, yaani kujifunza kazi hospitalini kwa posho, kisha leseni, kisha kusubiri kibali cha ajira. Nesi na mfamasia wana miaka minne na utarajali wao. Kila mwaka mhitimu anaokaa mtaani na leseni mkononi ni mishahara kumi na miwili ambayo haikuja, na kwenye mfano wetu hiyo ni zaidi ya milioni saba na nusu, karibu nusu ya deni lote. Kwa hiyo anayechagua kozi asiulize tu mshahara wa kuanzia. Aende kwa waliomaliza miaka mitatu iliyopita, awaulize ni wangapi wako kazini, na walisubiri miezi mingapi. Awaulize pia waliishi kwa nini wakati huo, maana hapo ndipo mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, inapoingia.

Mfamasia anayetaka duka lake ana hesabu nyingine. Aliyejiajiri anatakiwa kurejesha si chini ya 100,000 kwa mwezi, duka liuze lisiuze.

Nesi wangu alikuwa na swali moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Afisa mikopo wa benki alishampigia simu. Nichukue mkopo wao, mama, nimalizane na Bodi? Nikamwandikia nyuma ya slipu: kwa utaratibu wa utumishi wa umma, mtumishi hubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya milioni ni kama 333,000. Kwenye 634,500 zake, benki ina nafasi ya kama 301,000 kila mwezi, kwa riba, ili alipe deni lisilo na riba.

Aliitazama ile 301,000 kwa muda. Akaikunja slipu mara mbili, akaiweka mfuko wa gauni jeupe, akauliza posho ya wito ya mwezi huu inaingia lini.