Clement Attlee, waziri mkuu aliyewaachia wenzake kazi

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa historia ya siasa wanitajie mawaziri wakuu wa Uingereza, jina la Winston Churchill huwatoka upesi, la Margaret Thatcher hufuata, kisha la Tony Blair. Clement Attlee hutajwa na mmoja mmoja, tena kwa kusitasita. Hilo hunisikitisha kila mara. Anayetaka kujua kwa nini mgonjwa nchini Uingereza hutibiwa hospitalini bila kuulizwa pesa, au kwa nini India ilipata uhuru mwaka 1947 na si miaka kumi baadaye, ni lazima apite kwa Attlee. Na anayetaka kujua kwa nini matrekta mamia kwa mamia yaliletwa Kongwa, Tanganyika, kung'oa mibuyu, naye pia atapita kwake.

Alizaliwa Putney, London, tarehe 3 Januari 1883, mtoto wa saba kati ya wanane wa wakili mwenye uwezo wake. Alisoma shule ya Haileybury, akaenda Chuo Kikuu cha Oxford, naye akawa wakili mwaka 1906. Malezi hayo hayakuwa na dalili yoyote ya ujamaa. Kilichomgeuza ni Stepney, mitaa ya mabandarini mashariki mwa London, alikokwenda mwaka 1905 kusaidia katika klabu ya vijana iliyofadhiliwa na shule yake ya zamani. Alikwenda kutazama tu, akaishia kuhamia huko. Aliwaona wanawake wakishona nguo majumbani kwa ujira mdogo mno, na vibarua wa gati wakigombea kazi ya siku moja. Akakata shauri kwamba sadaka za matajiri, hata zikitolewa kwa moyo safi, haziwezi kuyaondoa hayo; kinachotakiwa ni sheria na kodi. Mwaka 1908 alijiunga na Independent Labour Party, chama cha wajamaa kilichoshirikiana na Chama cha Labour, yaani cha wafanyakazi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiandikisha jeshini, ilhali kaka yake Tom alikataa kupigana kwa sababu ya dhamiri na akafungwa gerezani. Attlee alipigana Gallipoli, nchini Uturuki, na Desemba 1915 kikosi chake kilikuwa miongoni mwa vilivyolinda mgongo wa jeshi likiondoka ghuba ya Suvla. Yeye alikuwa mtu wa pili kutoka mwisho kupanda mashua. Mwaka uliofuata alijeruhiwa Mesopotamia, Iraq ya leo. Alirudi na cheo cha meja, na kwa miaka mingi watu walimwita Meja Attlee. Akawa meya wa Stepney mwaka 1919, na mwaka 1922 akachaguliwa mbunge wa Limehouse, mashariki mwa London.

Waandishi wengi husema aliinuka kwa bahati. Mwaka 1931 Chama cha Labour kilipasuka, kiongozi wake Ramsay MacDonald akaunda serikali pamoja na wapinzani, na uchaguzi uliofuata ukakifagia chama karibu chote: kutoka wabunge 287 wakabaki 52. Vigogo walianguka. Attlee alinusurika Limehouse kwa kura 551 tu, akawa naibu wa George Lansbury, na Lansbury alipojiuzulu mwaka 1935 akashika usukani. Bahati ilikuwepo, sikatai. Lakini kati ya 1931 na 1935 wabunge wale wachache walimwona akisimama bungeni kujibu hoja za kila wizara, usiku baada ya usiku, bila kulalamika. Baada ya uchaguzi wa Novemba 1935 wakubwa waliporudi na kuutaka uongozi, Herbert Morrison akiwa mmojawapo, wabunge walimchagua Attlee kwa kura 88 dhidi ya 48. Walikwisha kumpima kazini.

Mei 1940 Labour ilikataa kuhudumu chini ya Neville Chamberlain, waziri mkuu wa wakati huo, lakini ikakubali chini ya Churchill. Tangu siku hiyo hadi muungano ulipovunjika mwaka 1945, ni watu wawili tu waliokaa katika Baraza la Vita bila kutoka: Churchill na Attlee. Churchill alishika vita na hotuba. Attlee, aliyepewa rasmi cheo cha naibu waziri mkuu mwaka 1942, alishika kamati. Hapo ndipo mahali pa kumwelewa, kwa maana serikali ya Uingereza huendeshwa na kamati, na mwenyekiti mbaya huweza kupoteza mchana mzima. Attlee hakuwaruhusu mawaziri kusimulia upya karatasi ambazo wenzao walikwisha kuzisoma. Aliuliza nani anapinga na kwa nini, akasikiliza, akataja uamuzi kwa sentensi moja au mbili, akaenda hoja inayofuata.

Katika kampeni ya 1945 Churchill alitangaza redioni kwamba ujamaa wa Labour ungehitaji polisi wa kisiri kama Gestapo ya Wanazi wa Ujerumani. Usiku uliofuata Attlee alijibu kwa utulivu kwamba waziri mkuu ametaka kuwaonyesha wapiga kura tofauti iliyopo kati ya Churchill kiongozi wa vita na Churchill kiongozi wa chama. Alizunguka nchi katika gari dogo la familia, mkewe Violet akiendesha. Matokeo yalitangazwa Julai 26: viti 393 kati ya 640. Siku hiyo hiyo Morrison alitaka wabunge wapige kura kwanza kuamua kama Attlee abaki kiongozi. Ernest Bevin, aliyekuwa amejenga chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi, alimwambia Attlee aende mara moja kwa Mfalme, ambaye ndiye humteua waziri mkuu. Akaenda.

Sasa tazama baraza alilounda. Bevin, yatima aliyeacha shule akiwa mtoto, akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Aneurin Bevan (majina yanakaribiana, wasomaji wawe waangalifu), mchimba makaa wa Wales aliyekuwa mwiba kwa uongozi wakati wa vita, akapewa afya na nyumba. Morrison mwenyewe, aliyetaka kumpindua, akawa msaidizi wake mkuu. Hawa hawakupendana. Kila mmoja alikuwa na sauti kubwa kuliko ya mwenyekiti wao, na Attlee aliwataka hivyo hivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Septemba 1947. Majira ya baridi ya mwaka huo yalikuwa makali ajabu, makaa yalikwama, viwanda vilisimama, na dola zilizokopwa Marekani zilikuwa zinakwisha. Stafford Cripps, waziri wake wa biashara, alimwendea Attlee akamwambia ana kwa ana kwamba ajiuzulu, Bevin achukue nafasi. Attlee alichukua simu, akamuuliza Bevin kama anautaka uwaziri mkuu. Bevin akasema hautaki. Basi Attlee akamgeukia Cripps na kumpa wadhifa mpya wa kusimamia uchumi wote. Aliyekuja kumwondoa alitoka na kazi nzito ya kuiokoa serikali ile ile, na aliifanya vizuri.

Kwa mtindo huo mambo makubwa yalipita haraka. Benki Kuu ilitaifishwa 1946, migodi ya makaa Januari 1947, reli 1948. Sheria ya bima ya jamii ilipita 1946 kwa msingi wa ripoti ya William Beveridge ya 1942 kuhusu kuwakinga wananchi na umaskini. Huduma ya Taifa ya Afya ilianza Julai 5, 1948. Barazani Morrison alitaka hospitali zibaki kwa halmashauri za miji, Bevan akataka zote ziwe za taifa. Attlee alisikiliza, akaamua upande wa Bevan, kisha akamwachia apambane na madaktari, ambao miezi michache tu kabla walikuwa wamepiga kura kwa wingi kuikataa. Bevan aliwaruhusu mabingwa waendelee pia na wagonjwa wa kulipa, upinzani ukalegea.

India ilikuwa tofauti. Attlee aliijua tangu alipokuwa mjumbe wa tume ya Simon, iliyotumwa na Uingereza kuchunguza utawala wa India, mwishoni mwa miaka ya 1920, na hiyo hakumwachia mtu. Februari 1947 alitangaza kwamba Uingereza ingeondoka kabla ya katikati ya 1948, akamtuma Louis Mountbatten awe mwakilishi wa Mfalme huko, na mwishowe tarehe ikasogezwa hadi Agosti 15, 1947. Uhuru ulikuja pamoja na mgawanyiko na mauaji ya mamia ya maelfu ya watu. Naamini alikuwa sahihi kuondoka, lakini haraka ile iliwagharimu watu wa Punjab gharama isiyoelezeka.

Kwa Afrika sina maneno laini. Serikali iliyoiachia India haikuona kwamba Waafrika nao wangeweza kujitawala karibuni. Mwaka 1950 ilimwita Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato, London kutoka Bechuanaland (Botswana ya leo) kisha ikamzuia kurudi kwao, kwa sababu alimwoa Ruth Williams, mwanamke Mwingereza mweupe, na watawala wa Afrika Kusini walikasirika. Ni doa ambalo wasifu wake mwingi hulipita mbio.

Halafu Kongwa. Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, siagi na sabuni. Hata mkate, ambao haukuwa na mgawo wakati wa vita, uliwekewa mgawo Julai 1946. Mkuu mmoja wa United Africa Company, kampuni ya biashara ya Uingereza, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo huko, ulizunguka kwa kiasi cha wiki tisa na kuunga mkono. Mpango ukawa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Haukukabidhiwa Wizara ya Makoloni bali Wizara ya Chakula chini ya John Strachey. Waziri huyo alikuwa anatafuta mafuta kwa ajili ya wananchi wa kwao, si mtu wa kujua mvua ya Ugogo, nchi ya Wagogo iliko Kongwa.

Wagogo wangeweza kumweleza. Mvua pale hukatika bila taarifa, na udongo mwekundu ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba karanga hazichimbuki. Matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita yalivunjika kwenye mizizi, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kubeba mavuno ambayo hayakuja. Januari 1951 mradi ulifungwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Nimezitafakari sana Huduma ya Afya na Kongwa kwa pamoja, na naona mkono ule ule. Waziri amepewa kazi, amepewa imani, mwenyekiti haingilii. Bevan aliwajua wagonjwa wa Wales tangu utotoni, na madaktari waliompinga walikuwa na chama, magazeti na wabunge, kwa hiyo alilazimika kurekebisha mpango wake. Mgogo hakuwa na mbunge Westminster. Strachey alipoambiwa mambo yako sawa, hakuwepo mtu mezani wa kusema hayako. Attlee hakumfukuza, mwaka 1950 alimhamishia Wizara ya Vita.

Mwaka huo wingi wake bungeni ulipungua hadi viti vitano. Vita vya Korea vilileta gharama za silaha, na Aprili 1951 Attlee alikuwa hospitalini na vidonda vya tumbo wakati Bevan alipojiuzulu kwa sababu ya ada za meno bandia na miwani. Bevin alifariki mwezi huo huo. Naona hilo ndilo lililoimaliza serikali: mtindo wa kuwaachia wenzake kazi ulihitaji wenzake wawepo. Oktoba 1951 Labour ilipata kura karibu milioni 13.9, nyingi kuliko za Conservative, chama cha Churchill, na bado ikashindwa kwa viti 295 dhidi ya 321. Attlee aliacha uongozi wa chama Desemba 1955 na kufariki Oktoba 8, 1967, akiacha mali ya pauni elfu saba na kitu. Churchill aliporudi madarakani alirudisha viwanda vya chuma na malori ya mizigo mikononi mwa watu binafsi. Hospitali, migodi na reli aliziacha kama alivyozikuta.