Mondragón: sio kwamba wote wanalipwa sawa
Kuna hii stori ya miaka mingi kwamba kwenye vyama vya ushirika vya Mondragón, yaani viwanda vinavyomilikiwa na wafanyakazi wenyewe kwenye ule mji mdogo wa viwanda huko kwa Wabasque kaskazini mwa Hispania, kila mtu analipwa sawa na hakuna bosi. Hapana jamani. Padre José María Arizmendiarrieta alifika 1941, akaanzisha shule ya ufundi 1943, na 1956 vijana watano aliowafundisha wakaanza kiwanda chao cha majiko, ndo mwanzo wa ushirika huo. Mameneja wapo na wanalipwa zaidi, ila pengo limewekewa kikomo, na kwenye mkutano mkuu fundi mwanachama ana kura moja na meneja naye moja, hapo ndo penye uzito wenyewe. Wafanyakazi wengine ni waajiriwa tu, sio wanachama, hawapigi kura. Fagor, ushirika wa hapo wa majiko na friji, ilipofilisika 2013, wanachama wengi walihamishiwa vyama vingine vya ushirika vya hapo.